Hondohondo wa Mbuyu wa Mtera

Mwishoni mwa Januari, mvua zilipokwisha kuirudishia nchi ya Ugogo rangi yake ya kijani, nilitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa hadi Mtera, nikakaa siku tatu nikitazama ndege. Bwawani walikuwapo yangeyange, na mnandi waliotandaza mabawa juani, lakini aliyenishika hasa ni ndege ambaye sikumwona mwili wake wote hata mara moja.

Mzee mwenye shamba la mtama, nilipokwisha kumwamkia, alinyoosha fimbo kuelekea ufa mwembamba katika shina la mbuyu. "Mama yumo ndani, mwanangu. Kaa mbali kidogo, maana baba akituona hatashuka."

Alikuwa hondohondo mwenye mdomo mwekundu, wa ile aina ya Ruaha inayopatikana Tanzania peke yake, ambayo hutambulika kwa ngozi nyeusi inayozunguka jicho. Jike huingia tunduni, akaziba mlango kwa tope na kinyesi mpaka ubaki upenyo unaotosha ncha ya mdomo tu, akataga, akapukutisha manyoya ya mabawa na mkia. Tangu hapo uhai wake na wa makinda humtegemea dume. Asubuhi ya pili, kati ya saa moja na saa tatu, nilimhesabu dume akija mara kumi na moja, mara na panzi, mara na kiwavi, na kila mara alitua kwanza kwenye tawi la pembeni akachunguza huku na huku.

Hondohondo hawezi kujichongea tundu. Kwezi wa kijivu na cherero wenye ukosi wa manjano, ambao nao ni wenyeji hasa wa nyika hizi, hutegemea vivyo hivyo matundu wasiyoyatoboa wenyewe. Mbuyu husalimika mashambani kwa sababu haufai kwa kuni wala mkaa, lakini migunga mikongwe haina bahati hiyo. Ndiyo maana huumia ninaposikia idadi ya miche iliyopandwa ikitajwa kana kwamba imelipia miti iliyokatwa, ilhali mche hauna tundu, wala hautakuwa nalo kabla ya miaka mingi kupita.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Dume alichelewa hadi karibu saa nne, akaja ameloa chapachapa, na kabla hajatua vizuri ncha nyekundu ya mdomo ilikuwa imekwisha kujitokeza ufani.