Dodoma hadi Babati: barabara nzuri isiyo na pa kusimama

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea kaskazini, nyumba mpya huisha upesi na mbele yako hutandazika uwanda mkavu wa Ugogo, wenye mibuyu na majabali yaliyopandana. Niliipita njia hii wakati wa kiangazi, kwa gari dogo la kukodi, nikiwa na dhamira ya kutazama zaidi kuliko kufika.

Barabara hii ya kilomita 251, ambayo ni sehemu ya njia ndefu inayokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, ilijengwa kwa fedha za Serikali pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani kupitia shirika lake la ushirikiano wa maendeleo, JICA, na Rais John Magufuli aliizindua Kondoa mwezi Aprili 2018. Kabla ya hapo, wengi waliotaka kwenda Arusha kutoka Dodoma walizungukia Singida, kwa sababu vumbi la kiangazi na tope la masika vilikuwa havivumiliki. Leo lami inateleza vizuri, na deni la shukrani tunalo sote tuipitao.

Baada ya Kondoa, nchi inabadilika. Vilima vya Irangi vinainuka, udongo unakuwa mwekundu, na mito ya mchanga mpana inakatiza mabonde. Vilima hivi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Makorongo bado yanaonekana, lakini kingo zake zimevaa vichaka na miti. Kwa hiyo kijani tunachokisifu dirishani nacho kimelipiwa na umma, na tena kwa gharama ya wafugaji waliolazimika kuhama.

Hapo nilimwomba dereva asimame.

"Kaka, nisimame wapi?" aliniuliza bila kupunguza mwendo. "Nikiegesha begani na lori likatokea kwenye ile kona, tutaongea mengine."

Alikuwa na haki. Bega la barabara lilikuwa jembamba, ng'ambo yake mtaro, na baada ya mtaro mteremko. Hata hivyo, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ardhi ya kuegesha magari kumi, kujenga choo safi na kumpa mama muuza mahindi ya kuchoma kivuli halali tayari iko mikononi mwa umma.

Kolo, kijiji cha kuingilia kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, ndiko nilikochelewa zaidi. Ofisi ya mambo ya kale iko kando ya lami, lakini michoro yenyewe iko mbali, mwisho wa njia ya vumbi na mawe iliyolifanya gari letu litambae. Kisha tulipanda kilima kwa miguu. Chini ya mwamba ulioinama nikaona watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikiwa vikubwa na vya duara, na mistari ya miili yao ikiwa myembamba kama unywele. Karibu yao kulikuwa na wanyama, na kwingine michoro minene ya rangi nyeupe, ambayo ni ya karne za karibuni zaidi. Mzee aliyetuongoza alinionya nisiguse, akaeleza kuwa wenyeji bado huja hapa Mongomi, kwenye kilima hiki, kufanya matambiko. UNESCO iliiweka michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Inaniuma kwamba mabilioni yalipita hapo chini bila kuacha hata njia ya changarawe ya uhakika hadi kwenye kilima hiki. Sababu iko katika namna fedha zinavyopangwa. Tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara imewekewa sharti kwamba angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo, na hilo ni sahihi, kwani lami isiyotunzwa hufa mapema. Lakini maana yake ni kwamba egesho la kutazama mandhari lisilochorwa tangu mwanzo, mkopo ukiwa bado mezani, ni vigumu kulipata baadaye.

Marekani ilianza mwaka 1935 kujenga Blue Ridge Parkway, takriban kilomita 755 za barabara ya matembezi, kwa fedha za serikali kuu, ikaikamilisha mwaka 1987, na malori ya biashara hayaruhusiwi humo. Sisi hatuhitaji kuiga hilo. Barabara yetu ilijengwa kwa ajili ya malori pia, na mahindi na alizeti za Kondoa lazima zifike sokoni. Tunahitaji tu mhandisi aagizwe kuhesabu wanaosimama, sawa na anavyohesabu wanaopita.

Jioni tulivuka msitu wa Bereko na kuanza kushuka kuelekea Bonga, Mlima Kwaraa ukiwa mbele. Egesho la kwanza ningeliweka kwenye mteremko huo, upande wa kushoto kwa atokaye Dodoma ili asikatize njia ya malori yapandayo, na la pili Kolo, mbele ya ofisi, likiwa na ramani ya mapango na bei ya kiingilio iliyoandikwa kwa Kiswahili.