Demani, Kamera na Bajeti ya Kaunti

Ninashiriki mashindano ya mashua za tanga hapa Lamu, na kazi yangu chomboni ni kushika demani, kamba inayoamua tanga lipokee upepo kiasi gani. Nje ya chombo nina mapenzi mengine mawili: kupiga picha, na kufuatilia siasa za kaunti, hasa bajeti. Kwa muda mrefu niliambiwa nichague. Nahodha wetu, ambaye ni ami yangu, aliniambia zaidi ya mara moja, “Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka.” Kwa heshima niliyo nayo kwake sikubishana naye, nilitafuta namna ya kupanga mambo yangu ili aone mwenyewe kwamba demani haijalegea mkononi.

Kilichonisaidia kwanza ni majira. Mashindano makubwa, kama yale ya Tamasha la Utamaduni wa Lamu, huja mwishoni mwa mwaka, ilhali kazi nzito ya bajeti huangukia nusu ya kwanza ya mwaka: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili yote yawe tayari kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Nilipoziweka tarehe hizo kando ya ratiba yetu ya mazoezi, niliona kwamba zinagongana kidogo sana kuliko nilivyohofia.

Picha hazikuhitaji ratiba, kwa kuwa zilizaliwa ndani ya mchezo wenyewe. Wapigaji picha wengi wanaosimama ufukweni husubiri tanga lijae, nami naamini kwamba picha iliyo bora iko kwingine, katika kubisha, yaani kukigeuza chombo kupitia upepo, pale omo, sehemu ya mbele ya chombo, inapokata upepo, foromali, boriti inayobeba tanga, inahamishwa upande wa pili wa mlingoti, tanga linakuwa tupu kwa muda mfupi mno, na mabaharia wanakimbiza magunia ya mchanga kuyapeleka upande mpya wa joshini, yaani upepo unakotoka. Hapo ndipo nyuso zinapoonekana. Mtu aliyewahi kushika demani huujua wakati huo kabla haujafika, kwa sababu mikono yake inakumbuka lini kamba huachiwa. Kwa hiyo siku ambazo sichezi, mimi huwa nimekwisha inua kamera wakati wengine bado wanatazama tanga lililojaa.

Mengine nilijifunza polepole. Tanga jeupe kwenye jua kali huidanganya kamera, ikadhani kwamba mwanga umezidi na kuyatia giza mabaharia, hivyo huwa ninaongeza mwanga kuliko inavyopendekeza yenyewe. Ili matone ya maji yaonekane moja moja hutumia kasi ya sehemu 1/1000 ya sekunde au zaidi. Chumvi ni adui wa kudumu: kila nirudipo nyumbani hufuta kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo ya chumvi, huikausha, kisha huihifadhi katika sanduku linalofunga barabara, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, maana ukungu ukishaingia kwenye lenzi kuutoa ni shida.

Mjini kuna adabu yake, na hili nalishikilia sana. Mji wetu wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo vichochoro vya Mkomani na Langoni vimepigwa picha bila ya hesabu, mara nyingi bila ya wenyewe kuulizwa. Mimi huomba ruhusa kwanza, simpigi mama aliyejifunika kwa kumvizia, na ninayempiga humpelekea picha yake iliyochapishwa.

Siasa niliingia kwa njia ya kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huku kwetu. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Nilielewa siku hiyo kwamba kifungu cha 196 cha Katiba, kinacholitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, kina uzito mtu anapokitumia. Nikaanza kuhudhuria vikao vya maoni, mara nyingi nikiwa kijana pekee katika safu yetu ya viti.

Nilipata nguvu pia kwa kujua habari za wanamichezo wengine. Mkimbiaji wetu Wesley Korir alishinda mbio za marathoni za Boston mwaka 2012, mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany, na aliendelea kukimbia akiwa bungeni. Randy Johnson, mrushaji mashuhuri wa besiboli Marekani, alisomea upigaji picha wa habari chuoni kabla ya umaarufu wake, na alipostaafu akarudi kwenye kamera kwa bidii ileile.

Mambo haya matatu yalikutana nilipopanga picha zangu za mashindano kwa tarehe na kuona ni mabaharia wachache mno waliovaa jaketi okozi. Niliandika maoni ya kurasa mbili nikiomba kaunti itenge fedha za jaketi hizo na za boti ya uokoaji siku za mashindano, nikaambatisha picha, na kabla ya kuyawasilisha nikampelekea ami ayasome. Aliyasoma kimya, akasahihisha jambo moja kuhusu mkondo wa maji upande wa Shela, kisha akaja kikaoni mwenyewe na kuyatetea kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza.

Pendekezo hilo liliandikwa katika ripoti ya kikao. Fedha zenyewe bado tunazifuatilia katika makadirio yajayo, na ami amenitaka nimjulishe mapema tarehe ya kikao kijacho, kwa kuwa safari hii ana maneno yake kuhusu taa za gati.