Nilikwenda Pemba Kutazama Mashindano, Nikaishia Kuchota Maji

Mtu wa Mwanza akiaga nyumbani kwamba anakwenda Pemba kutazama watu wakivua samaki, lazima achekwe. Shemeji yangu aliniuliza kama Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, pamehama. Ugonjwa wangu anaujua: usiku wenzangu wakilala, mimi niko na simu, natazama Wamarekani wakishindania bass. Huyo ni samaki wa maji baridi, na wenyewe wamemfanyia taratibu kama za kortini. Fainali yao kubwa ya kwanza ilifanyika 1971 kwenye Ziwa Mead, na mwaka uliofuata wakaanza kuhimizana wasiwaue samaki wanaowapata. Mvuvi anafikisha mizanini samaki watano tu, wakiwa hai ndani ya tangi la maji, na akimleta aliyekufa anakatwa uzito. Wakishapimwa wanarudishwa ziwani. Mshindi wa fainali hiyo anaondoka na mamia ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo rafiki yangu anayefundisha Chake Chake aliponipigia simu kuniambia kwamba wavuvi wa upande wa Wesha wanashindana kwa mshipi, yaani uzi na ndoana, sikusubiri animalizie.

Safari yenyewe haina la kusimulia. Basi hadi Dar, boti hadi Unguja, boti nyingine hadi Mkoani. Hiyo ya pili nauli yake iliniuma, na kiti nilichopewa kilikuwa chini ya spika iliyopiga mawaidha mwanzo hadi mwisho, huku abiria wa mbele yangu na mfuko wake wa plastiki wakishughulika kwa namna ambayo sitaieleza. Gesti ya Chake ilikuwa elfu thelathini na tano, feni ipo, maji ya bomba yapo kwa maneno. Lakini barabara ya kutoka Mkoani niliipenda. Ilikuwa Disemba, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, na dereva wa daladala anazikwepa kwa adabu ambayo watembea kwa miguu hawakuipata.

Ufukweni tulifika alfajiri, watu wameshatoka kuswali. Ngarawa zilikuwa kama ishirini, mitumbwi michache, na mashua mbili. Siku waliichagua makusudi, kipindi cha maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yakiwa makubwa, mkondo unakwenda kasi na chubwi, kile kipande cha madini ya risasi kinachozamisha mshipi, haitulii chini. Mtu wa kamati ya wavuvi akasoma masharti. Mshipi wa mkono tu, hakuna nyavu, hakuna bunduki ya kuzamia. Hakuna kusogelea upande wa magharibi wa kisiwa cha Misali, ambako kuvua kumekatazwa. (Misali imehifadhiwa tangu 1998, na 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Watoto wa pale wanakutajia mipaka yake bila kufikiri.) Kila chombo kinaleta samaki mmoja, mzito kuliko wote waliopata. Saa saba mchana mizani inafungwa, na anayechelewa, samaki wake akapike.

Sharti la mwisho lilileta mnong'ono: samaki atapimwa akiwa amepasuliwa na kutolewa matumbo. Rafiki yangu alinieleza sababu. Mwaka uliotangulia mtu alileta mzia mzito ajabu, na alipopasuliwa jikoni zikatoka chubwi tatu. Nikakumbuka Ziwa Erie kule Marekani, 2022, wavuvi wawili waliposhikwa na vipande vya risasi matumboni mwa samaki wao mbele ya umati. Watu hawa hawajuani, wala lugha moja hawana, na bado wizi wao ni ule ule.

Mimi nilikuwa nimelipa elfu arobaini kupanda boti ya faiba ya watazamaji. Mwenye boti aliahidi tutazunguka kati ya washindani hadi mwisho, na maji ya kunywa tutapewa. Tulikuwa sita. Tulipokwenda mwendo wa kama nusu saa mashine ikakohoa, ikazima. Kijana wa mashine akavuta kamba mpaka akavua shati. Kisha akafungua dumu la petroli, akachungulia, akalifunga tena polepole.

"Mafuta yamekwisha?" nikauliza.

"Yapo, ila machache."

"Machache kiasi gani?"

"Hayafiki kwenye mashine."

Maji ya kunywa hayakuwepo pia. Mkondo ukaanza kutusukuma taratibu, jua likapanda, na abiria mmoja kutoka Wete akaanza kuhesabu kwa sauti fedha alizowahi kuwapa watu wenye boti maishani mwake. Ndipo ikapita ngarawa ya mzee mmoja, pamoja na mjukuu wake wa kiasi cha miaka kumi na miwili. Mzee alikuwa mshindani, hakuwa na sababu ya kusimama. Akashusha tanga hata hivyo, akasema nafasi ni ya mtu mmoja na awe anayejua kuchota maji. Wenzangu walitazama ile ngarawa, wakatazama maji yaliyokuwa ndani yake, wakaamua kusubiri mafuta. Nikavuka mimi.

"Ahsante sana, Mzee. Ukinifikisha pwani tu inatosha."

"Pwani saa saba, mwanangu. Ukitaka kabla ya hapo, ogelea."

Mjukuu akanikabidhi galoni lililokatwa mdomo. Kazi yake ikawa kazi yangu. Ngarawa ilivuja mahali pawili, na mzee alikuwa amezoea hivyo, anasogeza miguu bila kuangalia.

Mshipi wake aliuzungusha kwenye kipande cha ubao wa mlango, bado una tundu la kitasa. Kwenye kidole cha shahada alivaa kipande cha tyubu ya baiskeli ili nailoni isimkate. Akachambika ngisi, akaacha chubwi iende, na midomo inahesabu pima. Ilipogota chini akaivuta juu kidogo, akaulaza mshipi juu ya kile kidole, akakaa. Mimi niliyezoea kuona fimbo za Wamarekani zenye vigurudumu na vioo vya kuonyesha samaki walipo, nilikuwa naangalia kidole. Kikitikisika haraka haraka, mzee anasema "changu, anadona tu," na hakutui, yaani haushtui mshipi ili ndoana inase. Tulipata changu wawili hivyo hivyo kwa kuchoka kwao, na pono mmoja ambaye mtoto alimcheka.

Katika kungoja nikamsimulia mashindano ya bass. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika pa kurudisha samaki.

"Wamtoa majini, wampima, halafu wamrejesha?"

"Ndiyo, Mzee. Akiwa mzima."

Akafikiri. "Na yeye amewakosea nini?"

Sikuwa na jibu, nikachota maji.

Ilipokaribia saa tano kile kidole kilikwenda chini mara moja, bila kutikisika. Mzee alikutua, akasimama hapo hapo, akaanza kuvuta mkono juu ya mkono huku miguu ameikaza kwenye mbavu za ngarawa. "Chewa," akasema, na kusema kwenyewe kulimgharimu pumzi. Chewa akishanasa hakimbii mbali kama kolekole. Anarudi pangoni, anatanua mashavu, na ukimpa nafasi ya kuingia mshipi utaukata mwenyewe kwenye tumbawe. Kwa hiyo pima tatu za mwanzo ndizo vita yote. Mjukuu alishika rengu, lile gogo la ubavuni, kuzuia chombo kisilale. Mimi nilisahau galoni, maji yakanifika vifundoni, na mzee hakunigombeza mpaka samaki alipotoa kichwa: mkubwa, wa kahawia mwenye mabaka, mdomo wazi ungeingia bakuli la pilau.

"Sasa chota," akasema.

Tulirudi kwa upepo na kasia, tukakanyaga mchanga muda bado upo. Ile boti yangu ilikuwa imeshavutwa pwani, wenzangu wamekaa chini ya mkungu wanakunywa madafu waliyojinunulia.

Mizani ilining'inizwa kwenye tawi la mwembe. Wakawapima kwanza wakiwa wazima, kwa kumbukumbu tu, na chewa wa mzee akawapita wote: kilo tisa na gramu mia mbili. Aliyemfuata alikuwa kolekole wa vijana wawili, kilo nane na gramu mia nane. Watu wakaanza kumpa mzee mkono. Kisha kisu kikaja.

Kolekole alitoa matumbo kidogo, akabaki kilo nane na mia mbili. Chewa alipopasuliwa, mwamuzi akaingiza mkono mpaka juu ya kifundo, akatoa ini, akatoa utumbo, halafu akasita, akavuta, akatoka pweza. Pweza mzima, mikono yote minane, amemezwa asubuhi ile ile pengine. Kelele zilizopigwa pale hata Misali walizisikia. Chewa akarudishwa mizanini: kilo saba na gramu mia tisa.

Vijana wa kolekole walikuwa tayari wanarukaruka. Baadhi ya watu wakasema hapana, pweza si risasi, hakuwekwa na mtu, chewa kajilia chakula chake kwa halali. Mwamuzi akawageukia: "Mwaka jana ni nani alisimama hapa akadai samaki wapasuliwe?" Wote wakamtazama mzee. Naye akacheka mpaka akakaa chini. Gunia la mchele na jaketi la kujiokolea vikaenda kwa vijana. Mzee alipata bunda la mshipi kwa kuwa wa pili, na nadhani lile jaketi angelihitaji zaidi kuliko mchele.

Wakati wanapasua, mimi kwa mazoea ya nyumbani niliuliza bondo liko wapi. Wakanishangaa. Ikabidi nieleze kwamba kwetu kibofu cha hewa cha sangara kinakaushwa na kusafirishwa hadi China, na kilo yake inaipita mbali kilo ya nyama. Kwamba minofu inakwenda Ulaya kwa ndege, na miaka mingi sisi tuliobaki mwaloni tumenunua mapanki, yaani mgongo na kichwa baada ya kiwanda kuchukua chake. Sangara mwenyewe si wetu, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawamaliza wengi wa furu, wale samaki wadogo waliokuwemo. Bibi mmoja mwenye ndoo ya samaki akauliza: "Sasa nyinyi mwala nini?" Nikasema dagaa. Akanihurumia waziwazi, na nikajikuta nalitetea ziwa letu kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia nikiwa Mwanza. Nikawaambia sato wa kuchoma wa Mwanza hana mpinzani. Hakuna aliyeamini.

Mnada ulianza hapo hapo. Chewa alichukuliwa na mchuuzi wa Chake, naye alipokuja kubeba akataka na pweza, kwa hoja kwamba ametoka ndani ya samaki wake. Mzee akakataa. "Mzani haukumhesabu pweza nikakosa mchele. Sasa wewe wamhesabu wapi?" Mchuuzi akamtazama mwamuzi, mwamuzi akatazama baharini. Pweza akakatwa vipande papo hapo na kutiwa kwenye kopo, chambo cha kesho.

Mwenye boti nilimpata kesho yake asubuhi kituo cha daladala, mikoba yangu iko mkononi. Nikamdai elfu arobaini zangu. Akasalimia kwanza, akauliza hali ya nyumbani, akaulizia na Mwanza ambako hajafika. Kisha akatoa elfu kumi.

"Na thelathini?"

"Yakhe, wewe ulilipa kuonyeshwa mashindano. Umeyaona, hukuyaona?"

"Nimeyaona kwenye ngarawa ya mtu!"

"Na nani alikufikisha kwenye hiyo ngarawa?"

Abiria ndani ya daladala wakaangua kicheko, konda akapiga bodi, na boti ya Mkoani haingojei mtu. Nilipanda nikiwa na elfu kumi mkononi, na ukitoa nauli na chai ya njiani, ilibaki elfu sita.