Udongo umetapika maua: siku yangu moja Minneapolis, Marekani

Saa 11 na nusu alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena. Nje nyuzi 2 na ni katikati ya Aprili, eti baridi imeisha. Mimi mtu wa Makete, sakitu naijua toka utotoni, ila ya kwetu inachoma majani ya viazi na jua likipanda basi, hii ya huku inashuka ardhini karibu mita nzima. Chai, chapati ya jana, suruali mbili, twende kazini, kutunza bustani za watu.

Saa 2 tuko kwa bibi mmoja mwenye maua ya airisi zaidi ya 30. Jamani, utadhani fuko kapita. Airisi ya ndevu ina shina nene linalolala kama tangawizi, na kazini tunaliita tangawizi tu, sasa nyingi zimekaa juu ya udongo mizizi nje nje. Bibi analaumu kindi, kumbe ni maji, yakiganda udongo unavimba unainua mmea, mchana yanayeyuka udongo unashuka ila mmea haurudi wote, usiku tena hivyo hivyo, mpaka unatemwa nje. Udongo wa mfinyanzi ndo balaa maana unashika maji. Halafu hizi zilipandwa Oktoba wakati zilitakiwa Agosti hivi, zishike mizizi kabla ya baridi. Nani alizipanda Oktoba? Sisi. Nikakaa kimya.

Saa 3 mwenzangu, kijana wa Eldoret, kaanza kuzikanyagia chini na buti. Weee kaka, toa hilo guu! "Dada si zinaingia tu?" Zinaingia ndio, na mizizi inakatika, kidonda kinaoza. Iliyoshika bado iache hapo hapo, sogezea udongo kwenye mizizi, mgongo wa tangawizi ubaki unaona jua. Iliyong'oka kabisa ndo unachimba shimo, unatengeneza kichuguu katikati, unaikalisha juu yake mizizi ishuke huku na huku, unafukia, unabonyeza kwa mkono, maji kidogo.

Saa 5 ndo uchafu wenyewe. Kila tangawizi naibonyeza kwa dole gumba, ikiwa ngumu ni nzima, ikiwa laini utaijua kwa harufu, kama samaki aliyesahaulika kwenye rambo. Nakata mpaka nione nyama nyeupe, naacha kidonda kikauke juani, kisu nakichovya kwenye jiki, kipimo 1 kwa maji 9, kila nikikata. Majani makavu ya mwaka jana yote mfukoni yakatupwe, kuna nondo anataga humo, viwavi wakianguliwa wanatoboa jani jipya wanashuka ndani mpaka kwenye tangawizi. Leo tumetupa tangawizi 7.

Saa 7 ugali wa baridi ndani ya gari. Bora kuliko sandwichi.

Saa 8 bibi katoka na gunia la matandazo, anataka tuzifunike zote, anazionea huruma. Nikamwambia mama, hayo ni ya Novemba ardhi ikishaganda, ibaki imeganda isiwe inayeyuka na kuganda kila siku, sasa hivi yataziozesha tu. Hakufurahi. Baada ya dakika kumi kaleta biskuti.

Saa 11 jioni niko kwenye basi, kucha nyeusi licha ya glavu, meseji ya bosi inaingia: usiku huu nyuzi 4 chini ya sifuri. Kesho nitashuka kituo kimoja kabla nikachungulie.