Acheni Kupaka Rangi Vidonda vya Miti

Tangu nijitolee kutunza bustani ya matunda ya jamii pamoja na hifadhi inayopakana nayo, ushauri unaonikera kuliko wote ni huu: kata tawi sawasawa na shina, halafu paka rangi kidonda kisioze. Mambo yote mawili yanaudhuru mti. Pale tawi linapotokea pana uvimbe kama pete, na humo ndimo mti unamojenga kinga yake dhidi ya kuoza. Ukikata pete hiyo, kidonda kinapanuka na kuchelewa kufunga. Rangi nayo hufungia unyevu, kuvu wakastawi chini yake. Alex Shigo wa Marekani, aliyepasua miti mingi kuchunguza inavyooza, alionyesha kwamba dawa za kupaka hazizuii kuoza.

Tawi nene nalikata mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, msumeno uingie theluthi ya unene. Kisha kwa juu, sentimita chache zaidi kuelekea nchani. Tawi linaanguka bila kuchuna gome. Kinachobaki ni kipande chepesi, nakishika kwa mkono mmoja na kukikata nje kidogo ya pete. Anayekata kwa mkupuo mmoja kutoka juu huona tawi likielemewa na uzito wake kabla msumeno haujafika mwisho, likabandua gome la shina hadi chini. Jeraha hilo huchukua miaka kufunga. Msumeno ufutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia mti mwingine.

Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo chini ya mti, yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Yakiegemezwa, gome huoza na panya hupata maficho. Machipukizi yanayotokea chini ya kiungio cha mche, yaani pale tawi la aina nzuri lilipounganishwa na shina la mti mwingine, yang'olewe yangali laini.

Upande wa hifadhi, kazi kubwa ni kuwazuia watu wasisafishe kupita kiasi. Magogo makavu yasiyo na ugonjwa tunayarundika kivulini, mende na mijusi wayatumie. Kichaka kikaguliwe viota kabla ya panga. Nyasi tunafyeka theluthi moja kwa zamu, ili wadudu wapate pa kuhamia. Zilizofyekwa ziachwe siku chache mbegu za maua zidondoke, kisha zikusanywe zote kwa reki hadi kwenye lundo la mboji, maana zikiozea pale hurutubisha udongo, nyasi nene zikayasonga maua.