Kisiwa cha watu 71: nimesoma hesabu za kijiji kimoja cha Kanada nikaifikiria Pemba

Naanza na hesabu mbili tu halafu tuongee. Sensa ya 2022 imekuta Pemba watu 543,441. Sensa ya Kanada ya 2021 imekuta jimbo la Newfoundland na Labrador, jimbo zima hilo, watu 510,550. Yaani sie wa huku, kwenye kilomita za mraba 988, tumewapita watu wa jimbo ambalo ardhi yake imezidi kilomita za mraba 350,000. Kwetu kila kilomita moja ya mraba inabeba watu kama 550, kwao haifiki hata watu wawili. Nilipoziona hizi nikawa siwezi kulala, nafungua ukurasa huu nafungua ule mpaka bando likaisha, na asubuhi nikaweka jengine nikaendelea.

Kanada wana taasisi yao inaitwa Statistics Canada, wanahesabu watu kila baada ya miaka 5, mwaka unaoishia na 1 na unaoishia na 6. Kitu nilichokipenda kwao ni kuwa hata kijiji kidogo kabisa kinapata ukurasa wake wa peke yake, mtu yeyote anaufungua bure: watu wangapi, wameongezeka au wamepungua tangu sensa iliyopita, vijana wangapi wazee wangapi, nyumba moja inakaa watu wangapi, nyumba zimejengwa miaka gani, ni zao wenyewe au wamepanga, vyumba vya kulala vinatosha au wamebanana, nyumba inataka matengenezo makubwa au yale madogo madogo ya kila mwaka. Kijiji kizima unakiona kwenye jedwali moja. Na mtu akizoea kusoma anaanza kuona kuwa baadhi ya vijiji vinaondoka, na vinaondoka taratibu miaka mingi kabla ya mtu wa mwisho kufunga mlango.

Nilichokisoma zaidi ni Little Bay Islands, kisiwa kidogo kwenye ghuba ya Notre Dame huko huko Newfoundland, unafika kwa feri. Wavuvi watupu. Sensa ya 2016 iliwakuta watu 71.

Kwa mtu wa Kojani au Fundo au Makoongwe hii habari haitaki maelezo mengi, kisiwa kidogo pembeni mwa kisiwa kikubwa, bahari ndo kila kitu. Wao bahari yao ilikuwa samaki wanaemwita cod, wa maji baridi, wanampiga chumvi wanamkausha kama tunavofanya na papa, wakamvua miaka mia kadhaa mpaka meli kubwa za viwanda zilipoingia akaisha. Tarehe 2 Julai 1992 serikali yao ikapiga marufuku kumvua, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi kwa mpigo, kwenye jimbo lenye watu kama Pemba. Fikiria Pemba leo watu 30,000 waambiwe kesho hakuna kazi. Vijana wakaanza kuondoka kwenda bara, kisiwani kiwanda cha kaa nacho kikafungwa, skuli ikaishiwa watoto ikafungwa. Waliobaki wengi ni wazee, na kwa jimbo zima sensa ya 2021 inasema watu wa miaka 65 na zaidi ni asilimia 23.6, karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Huko kuna utaratibu kwamba kijiji kikiwa mbali na watu wake wamepungua, wenyewe wanaweza kuomba serikali iwahamishe, lakini lazima wapige kura, na wakati ule ilitakiwa asilimia 90 wakubali. Little Bay Islands walipiga 2015. Wakazi waliokuwa na haki ya kura walikuwa 95, waliosema ndio 85, ikawa asilimia 89.47. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, ilipungua kura moja. Kura moja! Watu wakabaki wote pale pale miaka mingine, jirani anajua jirani kakataa, mnakutana dukani, mnakutana kanisani, mnapanda feri moja. Wakarudia 2019, mara hii wote wakakubali. Kila nyumba ikalipwa dola za Kanada kati ya 250,000 na 270,000 kufuatana na ukubwa wa familia, na tarehe 31 Disemba 2019 umeme ukakatwa na feri ikaacha kwenda. Mtu anaweza kurudi kwenye nyumba msimu wa joto akakaa, ila huduma ndo hakuna tena. Mke na mume mmoja walibaki wakajitegemea umeme na maji yao wenyewe.

Na si jambo geni kwao. Kati ya 1954 na 1975 jimbo hilo hilo lilihamisha watu kama 30,000 kutoka vijiji karibu 300, na kuna waliozifunga nyumba zao za mbao kamba wakaziweka zielee baharini zikavutwa na boti mpaka makazi mapya. Picha zake zipo, nyumba ya ghorofa moja inakwenda juu ya maji na madirisha yake. Nimeitizama picha moja muda mrefu sana.

Sasa hapa ndo penye neno langu. Kwenye ile kura, na kwenye yale malipo, swali kubwa lilikuwa moja: nani mkazi? Maana kuna watu wana nyumba kisiwani, wamezaliwa pale, makaburi ya wazee wao yapo pale, ila wanaishi kwengine wanakuja miezi ya joto tu. Hao hawakuhesabiwa wakazi wa kudumu, hawana kura, hawana yale malipo ya wakazi. Na ukiufungua ukurasa wa kijiji chochote cha Kanada utakuta mistari miwili imefuatana, mmoja nyumba zote, wa pili nyumba zenye wakazi wa kudumu. Kwa nchi nzima 2021 nyumba zote zilikuwa 16,284,235 na zenye wakazi wa kudumu 14,978,941. Kijiji unachokisoma, toa mstari wa pili kwenye wa kwanza, kinachobaki zaidi ni nyumba zilizofungwa na za kupumzikia. Mie siku hizi nikifungua ukurasa wa kijiji naanza na hapo kabla ya idadi ya watu, maana idadi ya watu inakwambia leo kuna nini na hiyo tofauti inakwambia kumepita nini.

Sie tunahesabu tofauti. Sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na 2022 ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwetu upande wa Micheweni karani kaja na kishikwambi chake, kakaa barazani kwa bibi yangu, kijana mwenye adabu zake, anauliza paa la nini, sakafu ya nini, ukuta wa nini, maji mnachota wapi, choo cha aina gani, mnapikia nini. Yote hayo bibi kajibu vizuri tu. Ilipofika kwenye watu wakasimama.

"Bibi, humu ndani wanakaa wangapi?"

"Wanaokaa humu ni saba, mwanangu. Waliolala jana ni mie na hawa wajukuu wawili."

Karani kaeleza tena kwa upole kuwa anawataka waliolala tu, na bibi kaeleza tena kuwa Hamadi yuko dago, kambi ya wavuvi, na kitanda chake kile pale, na nguo zake zile kwenye kamba. Aliekwenda kuvua usiku ule ule akarudi asubuhi anahesabiwa nyumbani kwake, lakini aliekwenda kupiga kambi wiki kadhaa anahesabiwa huko aliko. Karani kaandika watatu na kazi yake kaifanya sawa sawa. Na bibi nae kasema kweli.

Sisemi njia yetu mbaya, kila nchi ina sababu zake na kumhesabu mtu alipolala kunasaidia asihesabiwe mara mbili. Ila kwa vijiji vya wavuvi na vijiji ambavyo wanaume wako Mjini, wako Tanga, wako Oman, lile jedwali linaonyesha kijiji kwa usiku mmoja, na ikija mipango ya kituo cha afya au madarasa watu wanauliza shehia hii ina watu wangapi, basi wale waliokuwa nje usiku ule hawamo, na wakirudi wanarudi na homa zao na watoto wao.

Kuhusu kubanana kwenye nyumba nako nimejifunza kitu. Kanada wana kipimo chao, chumba cha kulala kisizidi watu wawili, na mtoto wa kiume na wa kike wakifika miaka 5 wasilale chumba kimoja. Mie nilikuwa nikidhani hayo ni mambo ya nchi tajiri, lakini sie chuoni, kwenye madrasa, tulifundishwa watoto wakifika miaka kumi watenganishwe malazi, kwa hiyo fikra ipo, kilichopungua ni vyumba. Ndo maana kijana wa kiume akibaleghe anahamia kwenye kibanda cha uwani au analala kwa mwenzake mwenye geto, na hapo karani akija amekuta wawili kwenye chumba cha mtu mmoja. Wao wastani nyumba moja ni watu 2.4, na nyumba zenye mtu mmoja tu ni asilimia 29.3 ya nyumba zote, mimi hiyo imenigusa kuliko zote, karibu nyumba tatu katika kila kumi mtu anakula chakula cha usiku peke yake. Tanzania nzima wastani wa kaya ni 4.3.

Na kuna aina ya nyumba ambayo jedwali la Kanada halina mstari wake kabisa. Kwao nyumba ili ihesabiwe ni lazima iweze kukalika, iwe na kinga ya mvua na upepo na iwe na kitu cha kuleta joto au umeme ndani. Kwetu ukipita njia ya kijijini kila baada ya nyumba kadhaa unakuta tofali zimesimama mpaka kwenye linta, hakuna bati, ndani mpapai umeota na unazaa. Ile ni nyumba ya mtu. Kaijenga kwa msimu wa karafuu mmoja, akasubiri msimu mwengine, au ni ya kijana alieko nje anatuma kidogo kidogo, msingi mwaka huu, ukuta mwaka wa tatu. Haina mkazi, na wala haijahamwa, inasubiri. Na kando yake kuna ya zamani ya miti na udongo, imekandikwa vizuri, paa la makuti, mlango umefungwa kwa kufuli kwa sababu wenyewe wamehamia Unguja. Kwa mtu wa nje zote mbili hazina watu, lakini moja mwenyewe anakuja na nyengine mwenyewe kaondoka.

Najua kuna atakaesema Pemba haina shida ya kuhamwa, na kwa jumla kasema kweli, maana 2012 tulikuwa 406,848 na miaka kumi baadae tumeongezeka zaidi ya watu 136,000. Lakini angalia Mjini Magharibi peke yake ina watu 893,169 kati ya Wazanzibari 1,889,773, karibu nusu yetu. Kijiji kinaweza kuongezeka idadi kwa sababu watoto ni wengi huku watu wa miaka ishirini mpaka arobaini wanapungua na makufuli yanaongezeka, na hilo kwenye jumla ya kisiwa hulioni, utaliona ukishuka mpaka kwenye shehia, tena mpaka kwenye mtaa.

Kuna jambo moja la Kanada ambalo ningeomba tulichukue kabla ya kuanza kuhesabiana. Kwenye kurasa za vijiji, ukiacha jumla ya watu na jumla ya nyumba, umri na hali za nyumba na kipato vyote wanavizungusha makusudi mpaka tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5. Sababu kijiji cha watu 71 ukiandika kuna mjane mmoja wa miaka themanini na kitu anaeishi peke yake na nyumba yake inavuja, ushamtaja jina. Heshima ya mtu wanailinda hata ndani ya namba.

Idadi za watu kwa kila shehia zimetolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanaume na wanawake, mtu yeyote anaweza kusoma ya kwao. Sie vijana wa kijijini kwetu tumekubaliana tuongeze ya kwetu juu ya hiyo: nyumba zote, zenye watu, zilizofungwa na funguo iko kwa nani, ambazo hazijaezekwa, magofu. Majina ya watu hatuandiki. Lililotushinda mpaka saivi ni nyumba za urithi, maana fomu ya Kanada inauliza yako au umepanga, na kwetu kuna nyumba ina warithi kumi na kitu, mmoja anakaa ndani, wengine wako Tanga na Muscat na hakuna aliegaiwa chake. Ami yangu mmoja anasema iandikwe ya alieko ndani, bibi anasema iandikwe ya marehemu mpaka mirathi ipite. Sheha kakubali tuanze, daftari tushanunua, na tutaanzia upande wa msikitini mpunga ukishavunwa.