Siku moja maishani mwangu: ngano shambani, sakitu njiani

Saa kumi na moja alfajiri nipo shambani na tochi, nasoma kipimajoto nilichokifunga kwenye kijiti usawa wa majani ya ngano. Nyuzi 2. Utabiri unasema usiku wa leo joto litashuka mpaka nyuzi 4 chini ya sifuri: sakitu, baridi inayogandisha mimea. Watu hudhani mpuliza dawa kazi yake ni kubeba bomba tu. Mimi nusu ya kazi yangu naifanya nikiwa nimepiga magoti.

Nang'oa shina moja, nalipasua kwa wembe kuanzia mizizini. Juu kidogo ya kifundo cha kwanza kuna suke changa, dogo kuliko punje ya mchele, jeupe lenye ukijani, linang'aa. Ngano hii ilipandwa kabla ya majira ya baridi na ikaimaliza theluji salama, maana suke lilikuwa bado limejificha chini ya udongo. Majira ya kuchipua yameliinua pamoja na shina. Sasa nyuzi 4 chini ya sifuri, kwa saa mbili tu, zinatosha kuliumiza.

Saa moja hadi saa nne nazunguka mashamba 6 na wembe wangu na daftari.

Saa nne na nusu simu inaita. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kijana, njoo upulize leo, dozi mara mbili." Wiki tatu zilizopita nilimsihi mzee huyu, mwenye shamba, tupulize klomekwati, dawa ya kudhibiti ukuaji, mashina yalipoanza kurefuka. Inauzuia mmea kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha pingili, kwa hiyo shina linabaki fupi na nene badala ya kukimbilia juu. Alikataa, akasema ngano yake inapendeza ilivyo.

Nikaenda. Nikakuta tangi limeshajaa klomekwati, na humo amechanganya na dawa ya magugu ili aokoe safari moja. Moyo ulinipasuka. Ngano iliyopigwa na baridi huivunja dawa ya magugu polepole mno mwilini mwake, inaweza kuungua. Na kidhibiti ukuaji kinahitaji siku kadhaa kufanya kazi, na kibandiko chake kinakataza kupuliza ikiwa sakitu inatarajiwa usiku. Nikamweleza. Akasema namnyima dawa kwa sababu alinikatalia. Nikamweleza tena. Akasema jirani yake amepuliza. Nilisimama mbele ya koki ya tangi lile zaidi ya saa nzima, jua limenikaa utosini, na sikusogea. Mashina yake nimeyapasua mwenyewe tangu yakiwa machipukizi.

"Basi niache ife?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikamwambia tumwagilie, sasa hivi, jua likiwa bado lipo. Udongo wenye maji hushika joto la mchana na kulitoa taratibu usiku. Mkavu hauna akiba.

Kuanzia hapo sikuangalia saa. Tulivuta mabomba ya maji, tukayahamisha, tukayavuta tena, buti zimejaa tope, mgongo unawaka. Chakula cha mchana nilikila jioni, nimesimama.

Usiku anga halina wingu, upepo hakuna, dalili mbaya hizo. Kipimajoto kinasoma nyuzi 1 chini ya sifuri. Mzee akaja na tochi yake, akaniomba nimwonyeshe hilo suke ninalolitetea. Nikapasua shina moja, nikamwekea kiganjani. Akaliangalia muda mrefu.

"Tutajua lini?"

"Siku 7, mzee. Likifa litalegea, liwe la kahawia. Hapo tutatia mbolea ya naitrojeni na maji, machipukizi ya pembeni yachukue nafasi."

Akalifunga lile shina kwenye leso yake, akauliza bomba lipi tunahamisha sasa.